Mtajieni tarehe

Kaa kwenye duka lolote pale Lusenda, kambi ya wakimbizi wa Burundi huku Fizi, mashariki mwa Kongo, siku ambayo makuta ya msaada yametoka. Soda yako haijaisha utakuwa umeshausikia ule msemo: "Hawa wakimbizi hawawazi kesho. Asubuhi wamepokea, jioni mfuko mtupu." Mwenye duka anausema, na kijana aliyekuja na gari jeupe anausema. Linaloniuma ni kuusikia pia kwa wenyeji wa Fizi ambao wao wenyewe walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, Tanzania, wakaishi kambini Nyarugusu miaka na miaka, na huko wakasemwa vivyo hivyo.

Dawa huwa haikawii kutajwa: wafundishwe kutuliza akili, waache pupa. Haraka haraka haina baraka, na kwa kuwa mji wa jirani unaitwa Baraka, methali hiyo haiishi watumiaji.

Sina ugomvi na utulivu. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu, huko Massachusetts, kukaa kimya, kusikiliza pumzi zao na kukitazama kilichopo bila kukihukumu. Mtu akiweza kusimama kidogo kati ya hasira na mkono wake, watoto wake watalala salama zaidi. Karibu na kwetu, kaskazini mwa Uganda katika makazi ya Rhino, Shirika la Afya Duniani lilijaribu somo la namna hiyo kwa wanawake waliokimbia Sudan Kusini: vikao vitano vya sauti iliyorekodiwa, pamoja na kitabu cha picha. Wanawake 694 wa vijiji 14 walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2020. Miezi mitatu baadaye, waliopata somo walikuwa na dhiki ya moyo pungufu kuliko wenzao. Somo linafaa, basi. Lakini kilichopungua ni mzigo wa moyo. Hakuna aliyedai kwamba magunia yalijaa.

Ninayegombana naye ni yule aliyeichukua dawa ya moyo akaigeuza hukumu juu ya akili za watu.

Chukua mama mmoja, mwenye watoto watano, aliyetoka Burundi wakati wa machafuko ya 2015, mwaka ambao kambi ilifunguliwa. Amepokea faranga zake. Kabla hajafika nyumbani amelipa deni la unga wa mihogo, deni la sabuni na deni la dawa za mtoto. Zilizobaki amenunulia ndagala kidogo na kitenge. Kitenge! Hapo ndipo wenye duka wanapocheka. Mimi nauliza: ulitaka afanyeje? Hajui msaada ujao utakuja lini wala utakuwa kiasi gani. Benki yake ni daftari la mwenye duka, lile lililokunjika pembe, na ukurasa wake anaujua kwa moyo mstari kwa mstari. Deni lililolipwa leo ndilo bugari la mwezi ujao, maana asiyelipa hakopeshwi tena. Na kitenge kipya kikikunjwa sandukuni hakishuki thamani kama faranga, hakiombwi na shemeji, na wiki ikiwa mbaya kinauzika. Huyo ndiye mnayesema hawazi kesho?

Kuna jaribio moja lililofanyiwa watoto wadogo 28 kule Rochester, Marekani. Kila mtoto aliahidiwa vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu yao wakaletewa, nusu wakaambiwa samahani, havipo. Kisha kila mmoja akawekewa peremende laini mbele yake: ukivumilia bila kuila, utapewa ya pili. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani dakika 12. Waliodanganywa walingoja dakika tatu. Tabia za watoto hazikubadilika ndani ya muda mfupi hivyo. Walichopima ni neno la mtu mzima, wakaona halina uzito, wakala. Mimi pia ningekula.

Sasa mwalimu wa utulivu anamwambia mama yetu: fumba macho, vuta pumzi, uwe hapa ulipo. Hapa alipo! Yupo hapo tangu 2015, na anaangalia ziwa akijua ng'ambo yake kuna shamba lake.

Kwa hiyo kabla ya somo la pumzi, wekeni ubao pale watu wanapopita kwenda kuteka maji. Uandikwe tarehe na kiasi. Mambo yakibadilika, abadilishe kwa chaki yule yule aliyeandika, mchana, watu wakimwona na kumuuliza. Mkishafanya hivyo miezi sita mfululizo bila kukosea, leteni mkufunzi wenu na mikeka. Nitakuja na wangu, nikae nyuma.