Bei kamili, gemu nusu: Nani hubeba hasara kampuni za gemu zinapovunja ahadi?

Mei 2, 2023, gemu ya Redfall iliingia sokoni kwa dola 70, takriban Sh9,000 kwa viwango vya sasa. Aliyetaka toleo la kifahari, Bite Back Edition, aliongeza dola 30 (karibu Sh3,900) na kuahidiwa, pamoja na mapambo kadhaa, mashujaa wawili wapya ambao wangeletwa baadaye.

Mwaka mmoja na siku tano baadaye, Mei 7, 2024, kampuni ya Microsoft ilifunga Arkane Austin, studio ya Marekani iliyotengeneza gemu hiyo. Mashujaa wale wawili hawakuwa wamefika. Hawatafika tena.

Kama wewe ni msee wa gemu, hadithi hii unaijua hata kama Redfall hukuwahi kuigusa. Jina tu ndilo hubadilika. Gemu ya kucheza na marafiki hutangazwa kwa trela tamu, huuzwa kabla haijaiva, kisha wachezaji huambiwa wavute subira kwa sababu mambo mazuri yako njiani. Swali ambalo halijadiliwi vya kutosha ni hili: mambo hayo mazuri yasipokuja, hasara ni ya nani?

Kwa jinsi biashara hii ilivyopangwa leo, hasara ni yako. Na katika gemu za kushirikiana, ni yako pamoja na mbogi yako yote.

Chakula kilichopakuliwa kibichi

Redfall ilikuwa na kila sababu ya kufaulu. Arkane ndiyo iliyotuletea Dishonored mwaka wa 2012, na tawi lake la Austin likatengeneza Prey mwaka wa 2017. Hizi ni gemu za mchezaji mmoja zinazosifiwa hadi leo kwa jinsi zinavyokuacha utatue mambo kwa akili yako. Machi 2021, Microsoft ilikamilisha ununuzi wa ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda na Arkane, kwa dola bilioni 7.5. Pesa hazikuwa shida. Hata muda uliongezwa: gemu iliyotarajiwa 2022 ilisukumwa hadi 2023.

Wazo lenyewe lilivutia pia. Mji wa kisiwani huko Massachusetts umevamiwa na wanyonya damu, jua limezibwa, na wachezaji hadi wanne wanaungana kuukomboa.

Kilichofika kilikuwa kitu kingine. Kwenye Xbox Series X, konsoli iliyouzwa kwa sifa ya nguvu zake, gemu ilianza na fremu 30 kwa sekunde. Uwezo wa kucheza kwa fremu 60 ulikuja Oktoba, miezi mitano baadaye. Maadui walionekana wakisimama tu kama abiria wanaongoja matatu huku wakipigwa risasi. Ulihitaji intaneti muda wote, hata ukiwa unacheza peke yako. Na ingawa ilitangazwa kama gemu ya kushirikiana, haikuwa na mfumo wa kukutafutia wenzako mtandaoni. Kama huna marafiki walioinunua, shauri yako.

Lakini kilichouma zaidi ni jinsi ilivyohifadhi hadithi. Tuseme wanne wenu mmekesha Ijumaa nzima mkimaliza misheni. Asubuhi, hadithi imesonga kwa mmoja tu, yule aliyefungua mchezo na kuwaalika wengine. Nyinyi watatu mmebaki na silaha na viwango vyenu, ila mkitaka kuendeleza hadithi kwenu, mnarudia yale yale. Hiyo si hitilafu iliyojipenyeza usiku. Ni uamuzi wa watu waliokuwa wakitengeneza gemu ya ushirikiano bila kuamini sana ushirikiano wenyewe.

Siku chache baada ya uzinduzi, Phil Spencer, mkuu wa Xbox wakati huo, alijitokeza na kuomba radhi. Alikiri kwamba tathmini zao za ndani zilitarajia alama za juu zaidi kuliko zilizotolewa na wakaguzi. Alisema pia kwamba kuichelewesha zaidi kusingeiokoa. Kauli hiyo ya pili ndiyo nzito. Kama muda haungesaidia, basi tatizo lilianzia mwanzoni kabisa.

Pesa kwanza, gemu baadaye

Ripoti ya Bloomberg ya Juni 2023 ilieleza mwanzo huo. Miaka michache kabla ya kununuliwa na Microsoft, ZeniMax ilikuwa ikizihimiza studio zake kutengeneza gemu zinazoendelea kuingiza pesa baada ya mauzo ya kwanza. Redfall ilizaliwa humo. Mpango wa kuuza vitu vidogo vidogo ndani ya gemu ulikuwepo, ukaondolewa kufikia 2021. Wakati huo huo, wafanyakazi wengi waliotengeneza Prey waliondoka. Walikuwa wamejiunga na Arkane kutengeneza gemu za aina fulani, sasa wakatakiwa kutengeneza nyingine.

Tazama mtiririko huo. Namna ya kukamua pesa iliamuliwa kwanza, gemu ikafuata. Mpango wa pesa ulipoondolewa, kilichobaki kilikuwa kiunzi chake: intaneti ya lazima, silaha za kuokota zisizo na mvuto, na dunia kubwa isiyo na mengi ya kufanya. Ni kama mtu aliyejenga nyumba ya biashara, akaghairi biashara, kisha akakukodisha uishi dukani.

Walioumia si wachezaji pekee. Studio ilipofungwa, wafanyakazi walipoteza ajira. Wengi wao hawakuwa na usemi wowote kuhusu agizo lililowafikisha hapo. Kwa hivyo hasira ya kuwatukana watengenezaji mitandaoni huwa inarushwa kwenye anwani isiyo yake.

Mbona ushirikiano unaongeza hasara

Gemu ya mchezaji mmoja ikikuboesha, umepoteza Sh9,000 na umejifunza. Gemu ya watu wanne ni hesabu nyingine kabisa. Mbogi ya wanne italipa zaidi ya Sh36,000 kabla hata ya kugusa matoleo ya kifahari. Halafu kuna intaneti, na hapa mjini tunajua bando haliji bure.

Kuna pia shinikizo ambalo kampuni hizi zinalielewa vizuri. Watatu wakinunua, wa nne hataki kuachwa nje. Hanunui kwa sababu gemu ni nzuri. Ananunua kwa sababu ndipo marafiki watakuwa Ijumaa usiku. Ndiyo maana gemu za ushirikiano huuzwa kwa hamu kubwa kabla ya siku ya kutoka: kundi likishajiingiza, linajivuta lenyewe. Mambo yakiharibika, kundi linavunjika kwa njia ile ile. Mmoja akichoka, mnabaki watatu, kisha wawili, kisha gemu inabaki inajaza nafasi kwenye konsoli.

Tena uhai wa gemu kama hizi hautegemei mbogi yenu pekee bali seva ya kampuni. Anthem, gemu ya BioWare iliyotolewa na EA Februari 2019, ni mfano mchungu. Wachezaji wanne, suti za chuma, kuruka angani: mwonekano wake ulikuwa moto. Maudhui yalikuwa haba na ratiba ya yaliyoahidiwa ikaanza kuteleza mapema, lakini duka la mapambo ndani ya gemu lilikuwa wazi tangu mwanzo. Februari 2021, mpango wa kuifufua ulifutwa. Julai 2025, EA ilitangaza kwamba seva zingezimwa Januari 12, 2026. Kwa kuwa Anthem haichezeki bila seva, kuzimwa huko kunamaanisha hata aliye na diski mkononi amebaki na plastiki.

Redfall angalau ilipewa mazishi ya heshima. Mei 30, 2024, wiki chache baada ya studio kufungwa, toleo la mwisho liliwezesha gemu kuchezwa bila intaneti. Waliolipia mashujaa wasiofika nao waliahidiwa kurudishiwa thamani ya nyongeza ile. Hayo ni mazuri, na yanafaa kusemwa. Lakini yanatuonyesha pia kwamba kuicheza bila intaneti kuliwezekana. Wachezaji waliomba jambo hilo kabla gemu haijatoka, wakalipata wakati wa kuagana.

Wapo wanaofanya kwa haki

Utetezi wa kampuni unajulikana: gemu kubwa siku hizi hugharimu mamilioni ya dola na huchukua miaka, kwa hivyo lazima pesa ziendelee kuingia. Ni kweli gharama zimepanda. Lakini hoja hiyo inaporomoka ukiangalia wanaopata faida bila kumuumiza mchezaji.

Studio ya Hazelight ya Uswidi ilitoa It Takes Two mwaka wa 2021, na ikashinda tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Ni gemu ya wawili tu, huwezi kuicheza peke yako. Badala ya kulazimisha kila mmoja anunue, Hazelight iliweka mpango uitwao Friend's Pass: mmoja ananunua, rafiki anapakua na kucheza naye bure. Split Fiction ya 2025 iliendeleza mpango huo. Anayeichapisha ni nani? EA, ile ile ya Anthem. Kwa hivyo kampuni ikitaka inaweza.

Deep Rock Galactic kutoka Denmark nayo iliuzwa ikiwa haijakamilika mwaka wa 2018, lakini ilisema hivyo wazi, ikasikiliza wachezaji, ikatoka rasmi 2020. Zawadi za kila msimu mpya zinapatikana kwa kucheza, bila kulipia. Anayetaka kuichangia studio hununua mapambo.

Tofauti haiko katika kuuza gemu isiyokamilika. Tofauti ni kama unaambiwa ukweli kabla ya kutoa pesa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sauti yetu iko wapi?

Kuna anayedhani kwamba mchezaji wa Nairobi au Mombasa hana lake katika vita hivi. Mei 2024 ilionyesha vinginevyo. Sony ilitangaza kwamba waliokuwa wakicheza Helldivers 2 kwenye kompyuta kupitia Steam wangelazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo haipatikani rasmi katika nchi nyingi, zikiwemo karibu zote za Afrika. Watu waliouziwa gemu kihalali wakajikuta wanaambiwa wathibitishe akaunti ambayo nchi zao haziruhusiwi kuifungua. Wachezaji duniani kote waliijaza Steam tathmini mbaya, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma.

Barani Ulaya, kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanza 2024 baada ya Ubisoft kuzima seva za The Crew, ilivuka sahihi milioni moja Julai 2025. Inataka kampuni inayozima gemu iliyoiuza iiache katika hali inayoweza kuchezeka.

Hapa kwetu, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike nazo, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Kifungu hicho hakikutaja gemu, lakini hakikuziondoa. Kulazimisha kampuni ya ng'ambo ikiheshimu ni kazi ngumu, hasa ukiwa umenunua kwa akaunti ya nchi nyingine kama wengi wetu wanavyofanya. Hata hivyo, pesa zinazotoka mfukoni ni shilingi halali, na siku wanasiasa wetu watakapozungumzia uchumi wa kidijitali, haki ya mnunuzi inafaa iwe mezani pamoja na ushuru.

Kwa sasa, nguvu tuliyo nayo ni kuchelewa. Kutangulia si kufika. Aliyeinunua Redfall siku ya kwanza alilipa bei ya juu zaidi kwa gemu ikiwa katika hali yake mbaya zaidi. Aliyesubiri mwaka mmoja aliipata ikiwa imerekebishwa.

Kwa hivyo mbogi ikikubaliana, mmoja aijaribu kwanza. Kwenye Steam, unaweza kurudisha gemu na kupata pesa zako ndani ya siku 14 mradi hujacheza zaidi ya saa mbili, na saa mbili zinatosha kujua kama kitu kimeiva. Uliza kama inachezeka bila intaneti. Uliza kama maendeleo yanahifadhiwa kwa kila mmoja wenu. Na kama toleo la bei ghali linakuuzia vitu vitakavyokuja "baadaye", acha doh yako ije baadaye pia.