Kitabu cha Kiroho na Ujira wa Mtumishi

Vitabu vya kiroho vimejaa madukani hata kwenye vituo vya mabasi: namna ya kusali ukajibiwa, namna ya kufanikiwa, namna ya kupata amani ya moyo. Sivikatai vyote, vipo vinavyomfariji mjane na kumrudisha mlevi nyumbani kwake. Lakini vingi humfundisha msomaji kujitazama mwenyewe tu. Jirani haonekani humo, ila pale anapokuwa adui wa kushindwa kwa maombi.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka wake *Rerum Novarum*. Alifundisha kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni kosa linalolia mbinguni, akitegemea Waraka wa Yakobo 5:4. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika *Laudato Si'*, aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Navyo ni vitabu vya kukuza roho. Mbona tunawaachia mapadre na wanafunzi wa seminari?

Viongozi wa walei, anzeni na aya ile moja ya Yakobo katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Ikiisha kusomwa, kila mwenye nyumba ajiulize (kimya kimya, wala si kwa kuaibishana) msichana wa kazi aliyebaki na watoto wakati sisi tunasali hulipwa kiasi gani, na alilipwa lini mara ya mwisho. Kama bado anadai, kitabu kifungwe hapo. Alipwe kwanza, ndipo tufungue ukurasa unaofuata.