Upatu wa Kweli na Upatu wa Uongo

Hakuna kijiji cha Unguja wala Pemba kisichojua upatu. Akina mama kumi wakulima wa mwani, kila mmoja akitoa shilingi 20,000 kwa wiki, humpa mwenzao mmoja shilingi 200,000 kwa zamu. Wiki ya kumi ikifika, kila mmoja amekwisha pokea alichotoa. Hapana aliyeahidiwa faida. Idadi yao yajulikana, na kijumbe anayekusanya fedha ni jirani.

Yaudhi basi kuona matapeli wamelivaa jina hilo la heshima, hata mahakama nazo zikalazimika kulitumia. Wakuu wa kampuni ya DECI, iliyowahimiza wananchi "kupanda mbegu" ili wavune kwa wingi, walishitakiwa mwaka 2009 katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila ya leseni. Walitiwa hatiani mwaka 2013. Mavuno yale hayakutoka shambani wala kiwandani: mbegu ya aliyekuja leo ndiyo iliyokuwa mavuno ya aliyetangulia jana.

Na tuhesabu. Mtu mmoja aingize wawili, na kila mmoja wa hao aingize wawili, na kuendelea. Duru ya 20 peke yake yataka watu 1,048,576; ukiwajumlisha na waliotangulia wamekuwa 2,097,151. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu wa Zanzibar wote, na vitoto vichanga vikiwamo, ikapata 1,889,773. Visiwa vyetu vyote havitoshi kuilipa duru ya ishirini.

Wapo wanaowacheka waliopoteza fedha zao kwa njia hii, wakiwaita wajinga. Sisi hatuafiki. Aliyetangulia kwa kweli hulipwa, akaezeka nyumba yake bati, na jirani akaliona bati hilo kwa macho yake. Shahidi huyo hasemi uongo. Hajui tu kwamba bati lake limenunuliwa kwa fedha za jirani wa tatu. Mkulima wa karafuu aliyetoka kulipwa fedha za msimu mzima kwa mkupuo atamkatalia vipi, ikiwa hakuna aliyemfundisha kuuliza swali moja: faida hii yazaliwa na kazi gani?

Swali hilo lastahili kufundishwa skuli, katika somo la hesabu, na kusemwa katika mikutano ya shehia. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza orodha ya taasisi ilizozipa leseni, lakini mzee wa Makangale hatasafiri kwenda kuitafuta. Ibandikwe penye ofisi ya kila sheha, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, na ibadilishwe kila inapobadilika.

Liko pia la waheshimiwa wenyewe. Kampuni ya namna hii hupenda sana kufunguliwa na mgeni rasmi, kwa kuwa picha yake ukutani huwatoa watu hofu kuliko cheti chochote. Tunawaomba viongozi wetu, kabla ya kushika mkasi na kukata utepe, waombe kwanza kuonyeshwa leseni.