Msimlazimishe mwanachama, mpelekeeni sanduku la kura

KILA uchaguzi wa klabu unapokaribia, kuna hoja inarudi vijiweni: mwenye kadi asiyepiga kura afutwe uanachama. Wanaoitoa wana hasira, na hasira yao ina sababu. Siku ya dabi watu wanajaza uwanja tangu saa nne asubuhi. Siku ya kuchagua viongozi hawaonekani. Timu ikipoteza mechi mbili, haohao ndio wa kwanza kupiga kelele uongozi utoke.

Hoja hiyo siyo ya kubeza. Chukua Simba. Mfumo wao wa hisa unampa mwekezaji asilimia 49, wanachama wanabaki na 51. Kwenye karatasi, mwanachama ndiye mwenye nyumba. Lakini asilimia 51 ambayo haiendi kwenye sanduku la kura inazidiwa nguvu na asilimia 49 ambayo haikosi kikao hata kimoja.

Na kulazimisha kunaleta watu, hilo halina ubishi. Australia walifanya kura kuwa lazima mwaka 1924. Uchaguzi wa 1922 walijitokeza chini ya asilimia 60 ya wapiga kura. Uliofuata, wa 1925, wakavuka asilimia 91. Mpaka leo asiyepiga kura bila sababu ya msingi kwenye uchaguzi wa kitaifa anatozwa faini ya dola 20 za kwao.

Sasa wenzangu wanaishia hapo, wanashangilia. Mimi nawauliza: Mwaustralia huyo anapigia kura wapi? Anapiga karibu na nyumbani kwake, siku ya Jumamosi, na akiwa mbali anaweza kutuma kura yake kwa posta. Serikali ilimsogezea sanduku, ndiyo maana ina uso wa kumtoza faini.

Huku kwetu je? Uchaguzi unaitishwa Dar es Salaam, ukumbi mmoja. Mwanachama wa Kigoma ana zaidi ya kilomita 1,000 za basi, nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala na siku kadhaa za kufunga biashara yake. Huyo ukimfuta kwa kutokwenda, hujaadhibu uvivu. Umemwadhibu kwa kuishi mbali na kuwa na mfuko mdogo. Ukisema wapige wajumbe wa matawi peke yao, safari umeipunguza, ila umemtoa mwanachama wa kawaida kwenye uamuzi.

Kuna jambo jingine, na hapa ndipo mpira ulipo. Anayelazimishwa kwenda kupiga kura wakati hana nauli atatafuta wa kumpa nauli. Nani atakuwa tayari kumpa? Mgombea! Atakodi basi, atalipia ada za watu, na ndani ya basi kila mtu atajua jina la kuandika. Tutajisifu kwamba wamejitokeza wengi, kumbe tumehesabu abiria.

Halafu tuseme ukweli kuhusu nani anapigiwa kura. Yanga walipomchagua Injinia Hersi Said kuwa rais mwaka 2022, mgombea alikuwa yeye peke yake. Real Madrid, klabu ya wanachama, Florentino Pérez amepita bila mpinzani zaidi ya mara moja, maana pale anayetaka urais lazima awe mwanachama kwa miaka 20 na alete dhamana ya benki ya asilimia 15 ya bajeti ya klabu. Ukiwapanga watu kwenye foleni kwa nguvu wakati jina ni moja, faida ni ya nani? Ya mwenye jina. Wakati mwingine kubaki nyumbani ndiyo kura pekee ya kukataa aliyonayo mwanachama.

Barcelona walionyesha njia nyingine Machi 2021, corona ikiwa bado inasumbua. Walifungua vituo nje ya jiji, hadi Girona na Tarragona, wakaruhusu na kura za posta. Zaidi ya 20,000 wakapiga kwa posta. Kwa ujumla walipiga 55,611 kati ya 109,531 wenye haki, na Joan Laporta akashinda. Ndiyo, karibu nusu hawakupiga. Lakini hakuna anayeweza kusema alizuiwa na umbali.

Kwa hiyo kabla ya kufuta kadi ya mtu, klabu zetu zifanye mambo matatu. Kura zipigwe kwenye matawi siku moja, na matokeo yabandikwe palepale mlangoni. Daftari la wanachama hai lifungwe miezi mitatu kabla na libandikwe, ili ada za kulipiwa kwa mkupuo zionekane mapema. Na mgombea akiwa mmoja, kuwe na kura ya ndiyo na hapana, na uchaguzi urudiwe kama theluthi moja ya wanachama hai haikufika.

Hayo yakifanyika na mtu wa Kigoma akashindwa kutembea dakika kumi hadi tawini kwake, njooni tuzungumze adhabu, nami nitawasikiliza. Kwa sasa mwenye deni ni klabu.