Shilingi haina kumbukumbu

Vijana wa kijiwe cha bodaboda kilicho jirani na kwangu, hapa Majengo, Songea, wana daftari lao. Ni kaunta kubwa lenye jalada gumu, la aina tuliyokuwa tukiandikia maandalio ya somo. Ndani yake wamenakili, mstari baada ya mstari, matokeo ya mchezo wa kubeti wa kindege, unaochezwa kwenye simu: kimeruka hadi 1.32 kikaanguka, 1.07 kikaanguka, 1.85 kikaanguka, kisha ghafla 14.60. Namba ndogo, zisizofika mbili, zimeandikwa kwa wino wa bluu. Zilizovuka kumi zimeandikwa kwa wino mwekundu kwa kuwa dukani hakukuwa na kalamu ya pinki, na pinki ndiyo rangi inayotokea kwenye simu kindege kikipanda juu namna hiyo.

Mwenye daftari nilimfundisha Hisabati. Huniamkia vizuri, "Shikamoo Madam," kisha hunipa somo kwa utulivu wa mtu aliyefanya utafiti. Zikipita bluu saba mfululizo, pinki iko njiani. Kuanzia saa nne usiku kindege hupanda zaidi, maana watu wengi wamelala. Wiki ya mishahara ya watumishi hubana. Nikimuuliza amejuaje, hufungua kurasa na kunionyesha. Na kweli, zipo sehemu ambapo bluu saba zimefuatiwa na pinki. Amezizungushia duara.

Wapo wazee mtaani wanaomwona mpumbavu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kijana anayekaa kunakili namba elfu kadhaa, akazipanga na kuzitafutia kanuni, anafanya kazi ambayo wengine hulipwa vyuoni kuifanya. Kasoro yake ni moja tu. Duara amezichora pale pinki ilipokuja. Pale bluu saba zilipofuatiwa na bluu ya nane, ya tisa na ya kumi, ukurasa uko mtupu, hakuna alama.

Tufanye hesabu aliyoiruka. Waendeshaji wa mchezo wa aina hii hutangaza wenyewe kwamba kati ya kila shilingi 100 zinazochezwa, 97 hurudi kwa wachezaji. Mchezo ukipangwa hivyo, nafasi ya kindege kuvuka kumi ni karibu moja katika kila miruko kumi, na nafasi ya kuanguka kabla ya kufika mbili inazidi nusu kidogo. Basi daftari lenye miruko 3,000 litakuwa na bluu saba mfululizo karibu mara 30, bila mkono wa mtu yeyote. Mara tatu hivi kati ya hizo, pinki itafuata. Hizo tatu ndizo zinazopata duara, ndizo zinazosimuliwa kijiweni, na ndizo zinazomfanya mtu akope kwa wale wakopeshaji wa kausha damu ili asiikose ya nne.

Na hizo shilingi tatu zinazobaki kila mia zisidharauliwe. Mtu akiweka 1,000 kwa kila mruko, akacheza miruko 200 katika jioni moja, amezungusha 200,000, na kwa wastani ameacha 6,000. Kwa dereva anayepaswa kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku, 6,000 ni chakula cha nyumbani.

Nilipokuwa darasani nilikuwa na mchezo wangu. Niliwagawa wanafunzi makundi mawili kwa siri yao, mimi nisijue nani yuko wapi. Kundi la kwanza walirusha sarafu ya shilingi 200 mara mia moja na kuandika kila ilivyoanguka, K kwa upande wa Karume na S kwa upande wa simba. Kundi la pili hawakurusha chochote; walitunga tu, K na S mia moja, kama wanavyodhani sarafu ingeanguka. Asubuhi walinikusanyia karatasi zote pamoja. Nilizipitia nikiwa nimesimama, moja huku, nyingine kule, na mara nyingi sana nilipatia. Wakawa wananong'ona kwamba Madam ana dawa.

Dawa ilikuwa hii. Anayetunga huona haya kuandika K sita zikifuatana. Akifika ya tatu au ya nne, mkono wenyewe unampeleka kwenye S, kwa kuwa anahisi bahati inapaswa kugawa sawasawa. Sarafu haina haya hiyo. Ukiirusha mara mia, nafasi ni kama nane katika kumi kwamba utaona upande mmoja ukijirudia mara sita au zaidi mfululizo. Kujirudia mara saba hutokea katika zaidi ya nusu ya majaribio. Shilingi haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita, kwa hiyo haioni sababu ya kujirekebisha. Sisi ndio tunaokumbuka, na tukiona upande mmoja unajirudia tunatafuta nani kaufanya ujirudie.

Hapo ndipo wanapoingia wauza utabiri. Wamejaa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, kila mmoja na picha za miamala iliyofanikiwa. Sitasema kila mmoja wao hufanya ninachokieleza hapa, ila mtu anaweza kukifanya bila kujua lolote kuhusu mpira wala kindege. Achukue namba za simu 1,024. Nusu awatumie ujumbe kwamba leo timu ya nyumbani inashinda, nusu awaambie haishindi. Waliopotoshwa awaache. Waliobaki 512 awagawe tena, kisha 256, kisha 128. Baada ya mechi kumi atabaki na mtu mmoja ambaye kwa macho yake ameona utabiri ukipatia mara kumi bila kukosea. Huyo mtu hutaweza kumshawishi kitu. Ana ushahidi. Asichojua ni kwamba wapo 1,023 waliotupwa njiani, na hana namba zao.

Kama madhara yangeishia kwenye fedha za mkeka wa kubeti uliochanika, huenda nisingeandika makala. Lakini akili ileile inayozungushia duara pinki tatu ndiyo inayozungushia duara misiba mitatu. Mtaa ukizika watu watatu ndani ya mwezi mmoja, watu huanza kuulizana kwa sauti ya chini. Mbona upande huu tu? Mbona wote ni wa nyumba zinazotazamana? Mahali pengi nchini, ikifika hapo watu huchanga fedha na kuwaita lambalamba waje kuonyesha mchawi, na anayeonyeshwa mara nyingi ni bibi fulani mjane ambaye hana wa kumsemea. Kanda ya Ziwa macho mekundu yaliyotokana na miaka mingi ya moshi jikoni yamewaponza vikongwe wengi, wakauawa.

Nataka kuwaambia wanaoulizana hivyo jambo lililotokea London. Mwaka 1944 Wajerumani waliupiga mji huo kwa mabomu ya kujirusha yaitwayo V-1. Wakazi waliona wazi kwamba mitaa fulani inapigwa tena na tena na mingine inaachwa. Zikazuka hadithi: wale wasiopigwa wamehifadhi majasusi, adui anachagua. Baada ya vita mtaalamu wa hesabu za bima, R. D. Clarke, alichukua eneo la kilomita za mraba 144 kusini mwa mji, akalikata vipande 576 vilivyo sawa, akahesabu mabomu yaliyoangukia kila kipande. Yalikuwa mabomu 537. Kama yangeanguka ovyo kabisa, hesabu ilitabiri vipande visivyoguswa viwe 227 hivi. Vilikuwa 229. Vilivyopigwa mara mbili vilitakiwa kuwa karibu 99, vilikuwa 93. Hapakuwa na aliyekuwa anachagua mtaa. Mabomu yaliyoanguka ovyo yalirundikana mahali pamoja, kama K sita za wanafunzi wangu. Misiba nayo hurundikana, hata pale ambapo hakuna maji machafu wala ugonjwa unaoambukiza. (Vikiwepo, tuvitafute kwanza. Hilo ni jambo la bwana afya, na lambalamba hana cha kufanya hapo.)

Nikisema haya, sikosi mzee wa kuniuliza: basi na babu zetu wa Majimaji, walioamini maji yatawakinga na risasi, walikuwa wajinga? Swali hilo mjini kwetu lina uzito. Makumbusho ya Majimaji yako hapa hapa Songea, na kila Februari tunakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, zaidi ya 60 kwa siku moja. Jina la mji wenyewe ni la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa siku chache baadaye. Kwa hiyo nitalijibu polepole.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyetoa maji hayo, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza huko Umatumbi. Maji yake yakaendelea bila yeye, mikononi mwa wajumbe, mpaka yakafika Ungoni. Dawa ile ya maji, mtama na mafuta ya mbarika ilikuja na miiko. Usilale na mwanamke. Usipore mali. Sasa fikiria mpiganaji anarudi kutoka kwenye mapambano ya kwanza. Katika vita yoyote risasi nyingi hupita bila kumgusa mtu, kwa hiyo wengi wanarudi wazima, na kila anayerudi ni shahidi kwamba maji yanafanya kazi. Aliyepigwa risasi hayupo kutoa ushahidi. Akiulizwa, jibu lipo tayari: alivunja mwiko. Imani iliyojengwa hivyo hakuna risasi inayoweza kuipinga, mpaka risasi ziwe nyingi mno, kama ilivyokuwa kwenye boma la Mahenge ya Morogoro tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji walipokwenda mbele ya bunduki za rashasha.

Wajinga? Walikuwa na kodi shingoni, kazi za lazima na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na maji yaliwapa watu wa makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja sababu ya kusimama pamoja. Sababu za vita zilikuwa za kweli hata kama dawa haikuzuia risasi. Na jambo ambalo wageni wa makumbusho huwa hawaambiwi ni kwamba Wajerumani nao walikuwa na nadharia yao. Serikali ya Gavana von Götzen haikutaka kuamini kwamba watu wa mahali tofauti wanaweza kuchoshwa na mambo yaleyale kwa wakati mmoja. Ikaona njama, iliyosukwa kwa siri na waganga na viongozi wa jadi. Maofisa waliosoma Ulaya wakachora duara lao kuzunguka vichwa vya machifu, na wakawanyonga kwa hilo. Kisha wakachoma maghala na mashamba. Makadirio ya wanahistoria wengi kuhusu waliokufa, wengi wao kwa njaa, hufika watu 250,000 hadi 300,000. Kwa hiyo elimu peke yake, ile ya vyeti, haikingi mtu. Ningeomba mzee anayeniuliza kuhusu babu zetu amuulize na von Götzen.

Wala simaanishi kwamba tuache kutafuta mpangilio. Wakulima wa Ruvuma hujua kwamba miombo ikianza kutoa majani mapya mekundu, Septemba na Oktoba, mvua haziko mbali na shamba linapaswa kuwa tayari. Hiyo ni elimu halali. Imepimwa na watu wengi, miaka mingi, na mwaka ambao dalili ilidanganya mkulima huukumbuka vizuri kuliko mingine yote, kwa sababu alipoteza mbegu. Daftari la kindege halina kumbukumbu hiyo ya miaka iliyodanganya. Tofauti kati ya mkulima na dereva wetu iko hapo tu, na inafundishika.

Ila tunaifundisha lini? Katika mtaala nilioufundisha, mada ya uwezekano ilikuwa ya kidato cha nne, katikati ya mada nyingine ngumu, kwa Kiingereza, miezi michache kabla ya mtihani wa taifa. Walimu wengi hatukuwa tunaifikia vizuri. Na Hisabati, kila mzazi anajua, ndilo somo linaloangusha watoto wengi kuliko mengine. Maana yake vijana wetu wengi hutoka shuleni bila mtu kuwahi kuwaonyesha sarafu inavyoangukia upande mmoja mara sita. Sheria inasema kubeti ni kwa aliyetimiza miaka 18. Simu haijui hivyo, na mtoto wa darasa la saba anamwona kaka yake akicheza.

Kwa hiyo naziomba shule za msingi za hapa manispaa zisisubiri mtaala. Mwalimu wa darasa la tano hahitaji kibali cha mtu, maabara wala kompyuta. Anahitaji kipindi kimoja cha dakika 40, sarafu moja kwa kila dawati, na karatasi yenye safu mbili: tulichokitarajia kilipotokea, na kisipotokea. Wazazi tuchangie sarafu. Mwalimu atakayekosa wa kumsaidia siku ya kwanza, aulize Majengo kwa Madam mstaafu wa Hisabati. Nitakuja bila posho.