Mkutubi Naye ni Mwalimu, Asomeshwe

Kabla ya mwaka 1998, kijana wa Unguja au wa Pemba aliyetaka shahada ya chuo kikuu aghalabu alikuwa hana budi kuvuka bahari. Katika mwaka huo Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianzishwa, na chuo cha ualimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, nacho kikaanza. Mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya kuunda Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanza kusomesha mwaka 2001. Hayo ni maendeleo makubwa, na kila mwananchi ana haki ya kujivunia.

Pamoja na hayo, chuo kikuu hakitimii bila ya maktaba, na maktaba haitimii bila ya watu wanaoijua. Leo twapenda kusema machache juu ya watu hao, yaani wakutubi wa vyuo vyetu.

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya mkutubi ni kugonga mihuri ya tarehe, kupanga vitabu na kuwanyamazisha wanaozungumza. Fikra hiyo imekwisha kupitwa na wakati. Mkutubi wa chuo kikuu siku hizi huingia darasani. Humfundisha mwanafunzi namna ya kuligeuza swali lake liwe la kutafutika. Namna ya kulitambua jarida ambalo makala zake hupimwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa, na lile linalochapisha cho chote almuradi limelipwa. Na namna ya kutaja kwa uaminifu maneno aliyoyachukua kwa mwingine. Wataalamu huuita ujuzi huo umahiri wa habari.

Tuchukue mfano wa mwani, zao ambalo wakulima wetu, wengi wao wakiwa kina mama, wamelilima kwa biashara tangu mwaka 1989. Mwanafunzi anataka kujua kwa nini aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, hufa maji yanapopata joto. Majibu yametawanyika: mengine yamo katika majarida ya ng'ambo, mengine katika ripoti za Serikali, na mengine katika kazi za Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyopo hapa Zanzibar tangu mwaka 1978. Mwanafunzi asiyefundishwa kutafuta hataifikia hata robo ya hayo. Ataokota lililo karibu, aliandike, apate shahada. Kesho huyo ndiye atakayeketi wizarani kumshauri Waziri, na mkulima wa Paje ndiye atakayelipa gharama ya ushauri huo.

Hatari hiyo imezidi tangu Novemba 2022, ilipotolewa kwa umma programu ya akili mnemba iitwayo ChatGPT. Chombo hicho chaweza kutaja kitabu, mwandishi na hata ukurasa, kumbe kitabu chenyewe hakijapata kuandikwa. Mnamo Juni 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuipelekea mahakama hukumu za kesi zilizobuniwa na chombo hicho. Ikiwa mawakili wenye uzoefu walinaswa, kijana wa mwaka wa kwanza atasalimikaje?

Hapa ndipo tunapouliza: na huyo mkutubi anayetegemewa kumnusuru kijana, yeye anafundishwa na nani? Aliyehitimu kabla ya Novemba 2022 hakuweza kufundishwa habari za chombo hicho akiwa chuoni. Tena, kujua kuorodhesha vitabu ni jambo moja, na kusimama mbele ya wanafunzi mia moja ukafahamika ni jambo jingine. Wahenga walisema, kinyozi hajinyoi.

Tatizo hili si letu peke yetu. Nchini Marekani, chama cha maktaba za vyuo vikuu kilianzisha mwaka 1999 mafunzo maalumu ya kuwasomesha wakutubi kazi ya ualimu. Mwaka 2000 kilitoa viwango vya umahiri wa habari. Mwaka 2016 kikaviweka kando na kushika mwongozo mpya, kwa kuwa mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 2017 kikataja dhima saba za mkutubi anayefundisha, na mojawapo ni kuwa mwanafunzi maisha yake yote. Matajiri wa vitabu na mashine wameona haja hiyo. Sisi wenye vichache tunaihitaji zaidi.

Tunajua kwamba wakuu watauliza habari ya fedha. Ni swali la haki, na jibu letu ni kwamba mengi hayahitaji fedha nyingi. Walimu wa walimu tunao, Nkrumah na Chukwani. Kinachozuia wawafundishe wakutubi mbinu za kusomesha ni nini? Wakutubi wa vyuo vyetu nao waweza kukutana mara moja kila muhula, wakaingia katika madarasa ya wenzao, wakaambiana ukweli juu ya lililofaa na lililoharibika. Wenzao walioko Pemba wasisahauliwe, kwani mara nyingi semina huishia mjini.

Yako mawili, hata hivyo, ambayo ni ya Serikali na wakuu wa vyuo peke yao. La kwanza, mafunzo ya mkutubi yaingizwe katika bajeti ya kila mwaka, yasingojee hisani ya mfadhili. La pili, kazi yake ya kufundisha ihesabiwe katika kupandishwa daraja, kama inavyohesabiwa ya mhadhiri. Mtu hujitahidi katika kazi anayojua kuwa inaonekana.

Kwa upande wao, wakutubi watakaopelekwa masomoni wakumbuke kwamba wametumwa. Cheti kikifungiwa sandukuni hakimfai mwanafunzi ye yote; anayerudi na awafundishe waliobaki.

Tumejenga vyuo, na vijana wetu wamevijaza. Sasa tuwasomeshe wale wanaowaonyesha njia ya kuitafuta elimu yenyewe. Twatumaini kuwa wanaohusika watalitia jambo hili maanani kabla ya bajeti ijayo kuandikwa.