Mafahali Wawili Wanaweza Kukaa Zizi Moja

Leo nina jambo moja tu la kusema, na najua litawaudhi baadhi ya wanachama wenzangu wa chama chetu cha Kiswahili. Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii imeandikwa katika insha nyingi mno humu shuleni, kila panapotajwa ugomvi. Mimi nasema kwamba hukaa, tena hukaa vizuri, na zizi lao likapendeza kuliko la fahali mmoja. Hasa ikiwa zizi lenyewe ni nyumba ya mume na mke.

Ushahidi wangu ninautoa mbali, huko Marekani, kisha nitaurudisha huku kwetu. Kulikuwa na mume na mke walioitwa Charles na Ray Eames. Kazi yao ilikuwa kubuni: viti, meza, majengo, filamu na mengineyo. Charles alizaliwa mwaka wa 1907 mjini St. Louis na alisomea usanifu wa majengo. Ray, mkewe, alizaliwa mwaka wa 1912 mjini Sacramento. Yeye alikuwa mchoraji, na alifunzwa mjini New York na Hans Hofmann, mchoraji mashuhuri. Walikutana mwaka wa 1940 katika chuo cha sanaa cha Cranbrook, jimbo la Michigan, wakaoana mwaka wa 1941 na kuhamia Los Angeles. Mmoja wa rula na vipimo, mwingine wa rangi na brashi. Hebu niambie, watu kama hao wakipewa nyumba moja waipambe, si patachimbika?

Hapakuchimbika. Walianza maisha katika fleti ya kupanga. Chumba kimoja cha ziada walikigeuza karakana, na humo wakaunda mashine ya kukunja plaiwudi kwa joto na gundi. Kazi hiyo ya chumbani ndiyo iliyozaa banzi la plaiwudi la kufungia mguu uliovunjika, ambalo jeshi la wanamaji la Marekani lilitumia katika Vita vya Pili vya Dunia. Yalitengenezwa mabanzi yapata 150,000. Baadaye ujuzi uo huo ukaleta viti vilivyowapa sifa duniani. Nayataja haya mapema kwa sababu najua kuna atakayesema, "Aah, hao si matajiri tu!" Walianza kwenye nyumba ya kupanga, bwana, kama wazazi wa wengi wetu.

Mwaka wa 1949 walijenga nyumba yao wenyewe katika mtaa wa Pacific Palisades, juu ya bahari. Kwa nje, nyumba hiyo ni kama sanduku. Kiunzi chake ni cha chuma, kuta zake ni vioo na paneli bapa zilizopakwa rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu na buluu. Vipande vyake vingi viliagizwa kutoka katika orodha za bidhaa za viwandani, vitu ambavyo kwa kawaida hujengewa maghala na karakana. Mwanzoni, mwaka wa 1945, Charles na rafikiye Eero Saarinen walikuwa wamechora nyumba nyingine iliyokaa kama daraja juu ya uwanja wa nyasi. Chuma kilichelewa kufika kwa sababu ya uhaba wa baada ya vita. Wakati wa kungoja, mke na mume wakazoea kwenda kukaa pale nyasini. Wakaona ni uovu kuuharibu uwanja ule. Mchoro ukabadilishwa, nyumba ikasogezwa kando nyuma ya mikaratusi, na uwanja ukabaki. Yaani hata nyasi zilipewa kauli!

Sasa ingia ndani. Mtu aliyeona chuma na vioo vile atatarajia chumba kitupu chenye kiti kimoja, kama ofisi ya daktari. La hasha! Ndani mmejaa vikapu, makombe ya pwani, mawe, mishumaa, mito ya rangi, mazulia, vinyago na vitu vya kuchezea watoto vya kutoka nchi nyingi. Mchoro mmoja wa Hofmann umetundikwa darini, kwa hivyo mgeni huinua macho ndipo auone. Chuma na ukindu. Kiwanda na soko la kijijini. Vitu viwili visivyofanana hata kidogo, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Kuna watu husema kwamba Charles alileta mifupa na Ray akaleta nyama. Hilo silikubali. Charles mwenyewe alizipenda pia na treni za kuchezea hadi akatengeneza filamu pamoja na mkewe juu yake. Ray naye alikuwa na jicho kali la vipimo katika viti na katika nyumba yenyewe. Kila mmoja aliingia katika shamba la mwenzake. Lakini dunia haikupenda kuona hivyo. Mwaka wa 1946, jumba la sanaa za kisasa la New York lilipoonyesha viti vyao, jina lililotangazwa ni la Charles peke yake. Fahali mmoja alionekana, na mwenzake akafanywa kivuli. Ndiyo maana nasema methali yetu ina hatari. Tukiamini kwamba zizi halitoshi wawili, tutamtafuta mmoja wa kumfuta, na mara nyingi atakayefutwa ni mama.

Rafiki yangu mmoja wa kidato cha tatu alinipinga vikali. "Hiyo ni fujo," alisema. "Ni kama kula pilau kwa ugali." Hoja yake ina uzito, maana kuchanganya ovyo kunachukiza kweli. Sebule yenye kila kitu kila mahali si sebule, ni stoo. Lakini akina Eames hawakuchanganya ovyo. Kiunzi chao kilikuwa cha kawaida na kimetulia, kwa hivyo kilistahimili rangi na vitu vingi. Tena kila kombe na kila kikapu kiliwekwa mahali pake kwa kufikiriwa. Siri ndiyo hiyo: penye utulivu pawepo, penye shangwe pawepo, na kila kitu kitunzwe kana kwamba ni cha thamani, hata kama kilinunuliwa sokoni kwa senti chache.

Wala hawakudharau vya wengine. Mwaka wa 1958 waliandika ripoti kwa ajili ya serikali ya India juu ya elimu ya ubunifu. Katika vitu vyote vizuri walivyoviona India, walichokisifu zaidi ni lota, chombo cha kawaida cha kutekea na kubebea maji. Hawakusifu majumba ya wafalme. Walisifu chombo cha jikoni, kwa sababu vizazi na vizazi vilikitengeneza hadi kikaukaa mkono, nyonga na kichwa sawasawa. Hapa nawauliza wenzangu: ni lini tuliutazama mtungi, kigoda au mbuzi ya kukunia nazi kwa heshima namna hiyo?

Sasa narudi kwetu, kama nilivyoahidi. Baba yangu ni Mwisukha wa Kakamega, mama yangu ni mzaliwa wa Lamu. Tunakaa katika fleti ya vyumba viwili vya kulala hapa Nairobi. Sebuleni pana makochi ya Baba na ngoma ya isukuti aliyoirithi kwa babu. Pana pia mkeka wa ukindu wa Mama, na chetezo chake juu ya kabati. Siku za kawaida vyote hukaa pamoja, na jioni harufu ya udi hupita juu ya ile ngoma, nami huona hakuna nyumba nzuri kama yetu.

Shida ni wageni. Shangazi alipokuja mara ya kwanza aliuliza, "Kwani hapa ni kwa mganga?" Mama alicheka. Lakini tangu siku hiyo, wageni wa upande wa Baba wakikaribia, chetezo huingia chini ya kitanda na mkeka hukunjwa. Na wajomba wakija kutoka Lamu, Baba naye huificha isukuti nyuma ya kabati, ati wasije wakasema binti yao ameolewa katika uwanja wa ngoma. Kwa hivyo jamaa zetu wote huiona nusu tu ya nyumba yetu, na kila mmoja huondoka akiamini upande wake ndio ulioshinda.

Na sisi watoto je? Nusu yetu ipi ifichwe chini ya kitanda, na ipi iachwe sebuleni?

Swali hili si langu peke yangu. Humu shuleni tupo wengi tuliozaliwa na wazazi wa makabila mawili. Wengine wazazi wao ni wa kabila moja, lakini mmoja wa mjini na mwingine wa mashambani, na vita ni vile vile: vitambaa vya Mama viondolewe kwenye makochi, au redio kuukuu ya Baba itupwe. Jamani, kwa nini tutupe? Nyumba yenye watu wawili ionyeshe watu wawili.

Charles alifariki tarehe 21 Agosti 1978. Ray alifariki tarehe 21 Agosti 1988, miaka kumi kamili baadaye. Waliishi katika nyumba ile hadi mwisho. Mwaka wa 2006 Marekani iliiorodhesha kuwa turathi ya kitaifa. Januari 2025 moto mkubwa uliteketeza maelfu ya majengo katika eneo hilo, lakini nyumba hiyo iliponea chupuchupu. Moshi uliingia, ikasafishwa, na mwezi wa Julai ikafungua milango tena kwa wageni. Vikapu na chuma vingali pamoja.

Jarida hili nitalipeleka nyumbani tukifunga shule, na najua Baba hulisoma ukurasa kwa ukurasa. Basi namwomba yeye na Mama, kwa heshima zote za mtoto kwa wazazi: Desemba hii shangazi akija na wajomba wakija, msifiche kitu. Chetezo kibaki juu ya kabati, isukuti ibaki pembeni, mkeka utandikwe. Akiuliza mtu nyumba hii ni ya nani, nitajibu mimi.